Uliuza au Ulimpa?

Saa tisa usiku vyuma vilikutana,
boti yetu ya doria na mashua yao ya kamba,
katika maji ambayo kila ramani huyapaka rangi yake.
Mimi nilisikia mlio mmoja tu,
kama sufuria tupu iliyoanguka jikoni kwa jirani.
Nikageukia upande wa pili, nikalala.

Kulipokucha Amapala nzima ilikuwa baharia.

Leonidas kinyozi, ambaye akipanda kivuko kwenda Coyolito
hufumba macho na kushika rozari mpaka gatini,
alisimama na wembe mkononi,
povu likikauka kwenye shavu la mteja,
akatuonyesha kwa kitana jinsi walivyokata kona,
jinsi walivyozima taa makusudi.
"Mtu hazimi taa nyumbani kwake. Huizima akiingia kwa watu."
Tukaitikia. Ilikuwa sentensi nzuri.
Hata mimi niliirudia mara mbili
kabla sijajiuliza ni nani aliyekuwepo.

Redio yetu ilisema walituingilia.
Redio yao, ambayo hapa hushika vizuri kuliko yetu,
ilisema tuliwagonga.
Neno "maili" halijawahi kutamkwa sana hivyo sokoni,
na watu wanaopima kila kitu kwa kopo.
Mwalimu Delmira alichora ghuba ubaoni;
chaki ikamkatikia alipofika mpakani.
Watoto wakacheka, na wakati wa mapumziko
wakagonganisha madawati: huyu doria, huyu mwizi,
na hakuna aliyekubali kuwa mwizi
mpaka wakamteua Nahún,
kwa kuwa bibi yake ni wa La Unión.

Bendera ziliisha dukani kwa don Hermógenes kabla ya adhuhuri.
Akauza na zile za mwaka juzi, zenye nyota zilizopauka.

Mimi nauza barafu.
Gunia na nyundo, tangu mume wangu alipofariki,
kwa yeyote mwenye samaki wa kuokoa.
Wa Meanguera huja, wa Potosí huja,
hutoa sarafu zao, nami huzihesabu kwa kichwa.

Jioni waliniita kliniki. Friji yao ilikufa mwezi Machi.
Fundi wa mashine wa ile mashua, Osmín,
miaka kumi na tisa, mkono umeumuka kama mkate majini,
alilazwa kitandani kwetu chini ya ulinzi wa askari mmoja
aliyekuwa amesinzia.
Alinuka dizeli. Aliniita "niña",
kama kwao wanavyomwita mwanamke wa makamo kwa heshima,
akauliza kama mashua bado inaelea.
Nilimjibu ndiyo. Sikujua.
Nikavunja kipande, nikakifunga katika kitambaa changu cha kichwa,
nikakishikilia pale mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Asubuhi swali lilinitangulia gatini,
limekwisha kuoga na kuvaa:
"Eufrasia, ile barafu, uliuza au ulimpa?"
Aliuliza Leonidas. Aliuliza mke wa Hermógenes,
yeye kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya.
Nikisema niliuza, nimekula fedha ya adui.
Nikisema nilimpa, haya, adui ni mimi.

Boti yetu ilikuwa imefungwa palepale, ubavu umebonyea,
na ndani ya bonyeo buluu yao imekwaruzwa
juu ya rangi yetu ya kijivu.
Watu walipanga foleni kuigusa.
Mmoja aligusa, kisha akalamba kidole.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda,
na nyuma ya miguu ya Leonidas niliona ndoo,
imefunikwa gazeti lenye kichwa cha habari kikubwa,
na chini ya kichwa hicho kamba wa Meanguera, wabichi,
wa bei ya usiku, wakianza kunuka.
Aliniona nikiiona.
"Kilo ngapi?" nikamwuliza,
nikainua nyundo.